Limau la Smirna

Papa alifungua kifuniko cha chupa jikoni kwangu, na harufu ya limau ikapanda kabla sijamwambia asifungue. Halikuwa limau la chai wala la samaki. Ni limau kali lililochanganywa na spiriti, linachoma pua kidogo halafu linaacha ubaridi, kana kwamba mtu amekufungulia dirisha. Nilikuwa nageuza sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye sufuria. Nikazima jiko. Sikuwa nimenusa kitu kile tangu nikiwa na miaka minane, na mikono yangu ilikumbuka kabla ya kichwa: ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo.

"Nimekuletea zawadi," Papa akasema. "Kolonya. Kule Uturuki ukipanda basi, kijana anapita na chupa, anakumiminia mikononi. Watu wale iko na heshima, Neema, usiseme."

Alikuwa amerudi juzi kutoka safari ya Makanisa Saba, yeye na waumini wenzake na Pasta wao, na kofia ya Efeso bado ilikuwa kichwani. Nilimtazama usoni nikatafuta hata kivuli cha aibu. Hakikuwepo. Alikuwa amesimama tu na chupa yake, mzee wa watu, anangoja nishukuru.

Sasa nyinyi mnaosoma nivumilieni kidogo, niwaeleze kwa nini mwanamke mzima, mwenye mume na watoto, alitamani kuitupa dirishani zawadi ya baba yake.

Mjue kwanza kazi yangu. Mimi nauza safari. Ofisi yetu ni ndogo, iko Pinetown, nje kidogo ya Durban, ghorofani juu ya duka la viatu, na nchi inayouzika kuliko zote kwetu ni Uturuki. Naijua kama mfuko wangu bila kuwahi kuikanyaga. Nawaambia wateja wasikimbilie puto za Kapadokia kabla ya kukaa Istanbuli na kushuka kwenye lile birika la chini ya ardhi, lenye nguzo zinazosimama majini na kichwa cha jiwe kilichopinduliwa juu chini. Nawaambia wavae viatu vya kufunga Efeso, kwa sababu ile barabara ya marumaru imelainishwa na nyayo za miaka elfu mbili na inateleza. Kwenye karatasi tunazogawa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mgeni hukaribishwa kwa kolonya, na kwamba kabla ya kolonya, enzi za masultani, yalikuwa maji ya waridi. Wateja wakisoma hapo wanasema, ah, utamaduni mzuri. Nami nameza mate na kuwaandikia tiketi.

Utamaduni huo niliuona kwa mara ya kwanza hapa hapa Pinetown, karibu na stendi ya teksi, kwenye kibanda cha Tantine Vumilia.

Tantine alikuwa dada mdogo wa Papa. Sisi tulitoka Uvira kwa kukimbia, mimi nikiwa mgongoni kwa Mama, tukafika Durban na karatasi za ukimbizi zisizokupeleka popote. Yeye alikuja baadaye na paspoti yake ya Kongo, akiwa amejipaka wanja, na masanduku mawili. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Akina mama wa kwetu wanajua: nguo ya Uturuki ukiivaa kanisani hata mwimbaji anakosea mstari. Kwa hiyo Tantine aliruka, akanunua Istanbuli katika mtaa wa Laleli ambako wauzaji wanakuita dada kwa Kilingala, akarudi na jinzi, suti za wanawake na taulo nene. Taulo alizifuata mbali zaidi, mpaka Denizli, kwa basi la safari ndefu. Ndani ya basi hilo ndipo kijana alipompitia na chupa. Tantine akapenda. Akanunua za kwake kadhaa akiwa Izmiri.

Kwenye kibanda chake mtu hakugusa nguo kwanza. Wateja wengi walikuwa wanatoka viwandani, mikono ina grisi au vumbi la saruji, na nguo zake nyingi zilikuwa nyeupe. Badala ya kumfukuza mtu kwa macho kama wauzaji wengine, alichukua chupa. "Lete mikono," alisema. "Nguo haiogopi bei, mama, inaogopa vumbi." Wanawake wa Kizulu walicheka, wakaleta mikono, wakainusa, wakaita wenzao. Nami Jumamosi nilikuwa nashinda pale nimekalia rundo la taulo, na kila mtu aliponawishwa, nami nilinyoosha yangu. Nilirudi nyumbani nikinuka limau mpaka viwiko.

Na kuongea, Tantine alijua kuongea. Alisoma Biblia kama mtu anayesoma habari za soko lake. Alituambia Lidia wa kwenye Matendo, muuza nguo za zambarau, alikuwa mwenyeji wa Thiatira, na Thiatira iko huko huko Uturuki, kwa hiyo Lidia ni mwenzake wa biashara. Alituambia Smirna ndiyo Izmiri ya leo, na kolonya yetu imetoka kwa watu wa Smirna. Laodikia alifika kwa miguu yake, kwa sababu iko jirani na Denizli ya mataulo. "Munasoma kwamba Bwana aliwaambia ninyi ni vuguvugu, si moto si baridi?" alisema, ameshika kiuno. "Mimi niliona mabomba yao ya mawe. Maji yalitoka mbali, yakifika mjini ni ya kukatisha tamaa. Aliwatajia bomba lao wenyewe, wakaelewa haraka."

Nilikuwa nacheka mpaka nasahau kula. Sikujua kwamba yapo masikio yanayosikia maneno kama hayo na kuyaweka akiba.

Kanisa letu lilikuwa ghala la Clairwood. Siku za kazi liliwekwa mizigo ya malori, Jumapili tulipanga viti vya plastiki, na hata tukiimba vipi, harufu ya matairi na vitunguu haikutoka. Pasta alikuwa mtu wa kwetu, mwenye sauti nene na suti za rangi ya krimu. Nyumba yake ilikuwa Cato Manor, kubwa, na uani nyuma alikuwa na vyumba. Viwili tulikaa sisi, pamoja na Tantine. Papa alikuwa mzee wa kanisa, tena alikuwa anajivunia cheo hicho. Na ule ua ulikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma. Miaka ile ukuta ulikuwa kitu. Wakubwa waliongea kwa sauti ya chini kuhusu maduka ya watu wetu yaliyovunjwa kwa sababu ni wageni, kuhusu familia zilizolala kituo cha polisi na magodoro yao. Mama akisikia kelele barabarani alitazama kwanza geti.

Jumatano moja, kwenye mafundisho, Pasta alisema Efeso iko katika Nchi Takatifu, karibu na Yerusalemu. Tantine hakuweza kujizuia, maskini. Akasema, "Samahani, Pasta, iko Uturuki. Iko choo cha mawe pale, cha watu wengi kukaa pamoja, nilipiga picha." Watu wakacheka. Walimcheka yeye, si Pasta, maana nani amesikia mambo ya vyoo kwenye Biblia. Lakini Pasta hakucheka.

Baada ya hapo maneno yakaanza kutembea. Kwa nini kibanda cha Vumilia kinajaa na cha fulani kimekauka? Kwa nini hamwachi mtu aguse nguo mpaka ampake kitu mkononi? Wauzaji wa kwetu wanalijua jambo hilo, wametoka nalo nyumbani: dawa ya kuvuta wateja. Wengine wanaichimbia mlangoni, wengine wanaifunga kwenye sarafu. Hii ya kumwagwa mikononi ilikuwa mpya, na kwa sababu ni mpya ilitisha zaidi. Hakuna aliyemuuliza mtu yeyote wa Uturuki. Hata lebo haikusomwa, na limau lilichorwa pale, la njano, na jani lake.

Jumapili ile namkumbuka Tantine katika gauni la bluu la mabega mapana. Katikati ya ibada Pasta akanyamazisha kinanda. "Kati yetu iko mtu anapaka watu dawa mikononi," akasema. "Akishakupaka, pesa yako inakimbia yenyewe kumfuata." Kisha akamwita kwa jina. Chupa ilikuwa tayari mezani, karibu na Biblia, na sikujua nani alikuwa ameitoa nyumbani.

Tantine akaenda mbele. Mimi nilikaa kwa utulivu kabisa, nawaambia ukweli, kwa sababu nilijua atakavyofanya: atashika kiuno, atawaeleza habari za basi na kijana, watu watacheka, tutaenda kula. Alipewa kipaza sauti. Alimtazama Papa, aliyekuwa amekaa mstari wa wazee, na Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ndiyo," Tantine akasema. "Ilikuwa dawa. Niliuziwa na mtu wa Smirna."

Ghala zima likaguna. Pasta akaifungua chupa akaimwaga yote juu ya saruji. Wamama wakajifunika pua kwa vitenge. Na harufu ile, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Ilifukuza matairi, ilifukuza vitunguu, kwa mara ya kwanza ghala lile likanuka kama mahali pa kuabudu, na watu walikuwa wanakohoa makusudi ili isiwaingie. Tantine alipigishwa magoti kwenye majimaji. Mikono ya watu ikawekwa juu ya kichwa chake mpaka kilemba kikatoka.

Nikaamini. Mtoto wa miaka minane afanye nini? Mtu mwenyewe amesema. Nilisugua viwiko vyangu kwa sabuni ya kufulia mpaka vikatoka damu, na miaka mingi baadaye sikula samaki aliyekamuliwa limau. Mama alikuwa akinikaangia wangu pembeni, na hakuniuliza kwa nini.

Tantine aliondoka kabla mwezi haujaisha. Habari ilikuwa imefika mpaka stendi ya Pinetown, na hata wale wanawake waliocheka naye walianza kupita upande wa pili. Alipanda basi la kwenda Lubumbashi, na yuko huko mpaka leo, anauza mafuta ya kupikia. Siku ya kuondoka hakuna aliyemsindikiza mpaka kituoni. Papa alimpakilia sanduku ndani ya teksi, akafunga mlango, akagonga bodi mara mbili, teksi ikaondoka.

Ukweli nilikuja kuupata nikiwa naolewa. Mama ndiye aliyenisuka, saluni kwake, na pale kwenye kusuka ndipo mama zetu wanaposema yasiyosemeka, kwa sababu hutazamani naye. Nilimwambia nasikitika tu kwamba Tantine hatakuwepo harusini kwa sababu ya mambo yake yale ya dawa. Mikono ya Mama ikasimama.

"Dawa gani?" akasema. "Wewe bado unaamini?"

Kumbe siku moja kabla ya ile Jumapili, Pasta alikuwa amemfuata Papa kwenye bomba la uani. Akamwambia: Vumilia akiungama, ninyi mnabaki. Akikataa, nyote mtafute pengine pa kukaa. Mdogo wangu Daudi alikuwa bado mchanga, kitovu hakijakauka. Papa aliingia ndani akakaa kitandani, akamwambia dada yake, "Ungama tu, Vumi. Neno ni upepo, litapita." Na Tantine akamuuliza swali moja tu. "Wewe, kaka yangu, unajua haiko dawa?"

Papa akamjibu, "Najua."

Basi Tantine akachukua ile chupa mwenyewe akampa.

Nilikaa kwenye kile kiti cha saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, nikaelewa kwamba nyumbani kwetu wote walijua isipokuwa mimi. Mtoto peke yake ndiye waliyemwacha aamini. Hasira iliyonishika siku ile haijatoka. Watu wananiambia hasira inazeesha. Acha izeeshe.

Kwa hiyo mwaka huu kanisa lilipoamua kwenda kuyaona Makanisa Saba ya Ufunuo, na Pasta, sasa mvi tupu, akapanda ngazi za ofisi yetu kuulizia safari, mimi ndiye niliyemwandalia. Alikaa mbele ya meza yangu akanieleza, kwa ile sauti nene, kwamba watu wengi hawajui, lakini Efeso iko Uturuki. Nilimwambia ni kweli, Pasta. Nikawapangia hoteli ya Izmiri, nikawapangia Pergamo na Sardi, nikawapangia basi zuri. Nilijua ndani ya basi lile kijana atapita na chupa, na Papa atakuwa amekaa humo, karatasi zake zimetimia hatimaye, na atanyoosha mikono. Nilisema moyoni, akinyoosha tu, atakumbuka. Nikangoja arudi.

Amerudi, na ameninunulia zawadi.

"Papa," nikamwambia pale jikoni, "hii si ndiyo ile ya Tantine Vumi?"

Alikirudisha kifuniko kwenye chupa. Akavua kofia ya Efeso akaiweka mezani. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu," akasema.

"Kwa nani si ndwele? Wewe huumwi. Yeye alisema uongo mbele ya kanisa zima, kwa kipaza sauti, ili wewe ubaki na paa. Ukweli wako wewe utausema wapi? Jikoni kwangu, kwenye sombe?"

Jumapili walikuwa na ushuhuda wa safari. Nilikwenda, mimi ambaye nilikuwa sijakanyaga pale tangu niolewe. Ghala ni lile lile, limepakwa rangi, na siku hizi ibada inarushwa mtandaoni. Papa alipewa kipaza sauti. Alieleza nguzo za Efeso, alieleza ukumbi ule mkubwa ambamo watu walipiga kelele dhidi ya Paulo, alieleza Laodikia na mabomba yake ya mawe na yale maji vuguvugu, neno kwa neno kama Tantine, na watu wakaitikia amina. Alipofika Smirna akasema, "Na Smirna pia palikuwa pazuri," akapita. Akaendelea na Filadelfia.

Nikainuka. Niliitoa chupa kwenye mkoba nikaanza na mstari wa nyuma. "Lete mikono," nikasema. Wageni na vijana walileta, wakainusa, wakatabasamu. Nikaja mbele. Waliokuwepo siku ile niliwajua bila kuwauliza: mikono yao ilirudi yenyewe, ikaingia chini ya vitenge. Mama mmoja mzee alinitazama akaanza kulia, na sikumbembeleza.

Nilidhani Pasta ndiye atakayeficha yake mbali kuliko wote. Nilijiandaa kwa hilo. Lakini yeye aliinyoosha yote miwili, viganja juu, anacheka. "Kama kule Smirna," akasema. "Amina, binti." Akajipaka mpaka usoni.

Alikuwa amesahau. Hakujificha wala hakujifanya, alikuwa amesahau tu, kama mtu anavyosahau alikula nini. Wanasema shoka husahau, mti hausahau, nami nilikuwa nimelisikia hilo mara nyingi, lakini sikuwahi kusimama mbele ya shoka lenyewe likiwa linatabasamu na kunuka limau. Nilitaka kummwagia chupa yote kwenye suti. Nikakikaza kifuniko kwa nguvu.

Nyuma yangu kipaza sauti kikakwaruza.

"Ile ya Vumilia," Papa akasema. Akakohoa. "Ile chupa ya dada yangu, Vumilia. Ilikuwa hii hii. Haikuwa dawa. Na mimi nilijua."

Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti akaenda kukaa, si kwenye mstari wa wazee, kwenye kiti kilichokuwa karibu. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, linalia lile pii-pii lake. Hakuna aliyesema amina.

Jioni nilimtumia Tantine kile kipande cha ibada. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia soko. "Nimeona," alisema. "Mwambie amesema vizuri. Lakini asinipigie sasa. Hasira yangu nimeishi nayo muda mrefu, haitoki kwa siku moja. Na wewe, ile chupa ilibaki kitu? Usimwage."

Ilibaki nusu, iko juu ya friji. Papa anakuja kula kwangu kila Jumamosi, na kabla sijampakulia namwambia alete mikono. Analeta, anasugua taratibu, haniangalii, na mimi bado sijamsamehe.